Jirani Ajue Mpaka, Asijue Bei: Namna ya Kununua Ardhi Malindi Bila Kujianika

Jalada la ununuzi wa ploti moja, likishafungwa, huwa na unene wa vidole viwili. Ndani yake mna kopi ya kitambulisho chako mbele na nyuma, cheti cha pini ya KRA (namba ya mlipakodi ya mamlaka ya ushuru ya Kenya) chenye barua pepe na anwani yako, picha za pasipoti, sahihi, stakabadhi za benki, na mara nyingi jina la mke au mume. Nimekuwa karani katika afisi ya wakili hapa Malindi kwa miaka 12, na kupanga majalada haya ndiyo kazi inayonilisha. Kila nikifunga moja hujiuliza karatasi hizi zimepita mikono mingapi kabla ya kunifikia. Kwa kawaida ni mingi mno: dalali, rafiki wa dalali, kijana wa saiba (duka la intaneti), na kundi la WhatsApp ambalo hata mwenyewe aliyelianzisha hawajui nusu ya waliomo.

Tena ardhi ya Pwani hainunuliwi gizani. Ukinunua kimyakimya bila mzee wa mtaa kukujua, bila jirani kuziona bikoni zako (alama za mpaka), siku ya ugomvi utasimama peke yako. Kwa hiyo kazi si kujificha. Kazi ni kupanga nani ajue nini.

Mfano wake uko Lamu. Nyumba ya mawe ya Kiamu ina daka nje, yaani kibaraza cha mlangoni, mgeni yeyote anakaa hapo na kuzungumza. Ukivuka daka unaingia tekani, na njia imepindwa makusudi ili anayepita asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, vyumba virefu vinavyofuatana, na mwisho ndani kwenyewe wanakofika wa nyumbani tu. Nunua ardhi kwa mpango huohuo: dalali abaki dakani, jirani na mzee wa mtaa waingie mpaka kiwandani, wakili afike ndani.

Kwanza, yajue yasiyofichika

Masijala ya ardhi iko wazi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuomba sachi rasmi, yaani taarifa ya umiliki, ya kipande chochote. Atakayefanya sachi ya ploti yako ataona jina lako, ukubwa wa ardhi, aina ya umiliki, na kama kuna zuio au rehani. Ukikopa benki kwa hati hiyo, rehani itaonekana, na kwa kawaida pamoja na jina la benki na kiasi. Ndiyo maana nikisikia mtu anajigamba barazani kuwa amejenga kwa pesa taslimu, sina haja ya kubishana naye.

Serikali nayo itajua. Bila pini ya KRA ya muuzaji na ya mnunuzi hakuna uhamisho. Benki itakuuliza pesa zimetoka wapi. Madalali wa nyumba na mawakili wote wanaguswa na sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya 2009, mawakili wakiwa wameongezwa baadaye, kwa hiyo wakili akikutaka uoneshe chanzo cha pesa, usimwone mbea. Mpe. Huyo ni wa ndani.

Yaliyobaki ndiyo yako kuyalinda: pesa zako ni ngapi, zimetoka wapi, zitalipwa siku gani, unalala wapi, namba yako ya simu, na kopi za karatasi zako.

Hatua ya 1: Safisha simu na akaunti kabla hujatamka neno "ploti"

Mwaka juzi shangazi yangu alitaka kununua kiwanja upande wa Mtangani kwa pesa zake za kustaafu. Nikamwambia tuingie kwenye akaunti yake ya eCitizen, ule mfumo wa huduma za serikali mtandaoni. Akanitazama.

"Mwanangu, hiyo aliifungua yule kijana wa saiba. Hata nywila anayo yeye."

Tukaenda. Kijana mzuri, hana ubaya, lakini barua pepe iliyokuwa kwenye akaunti ilikuwa yake, namba ya simu yake, na nywila alikuwa ameiandika kwenye daftari la kurasa 96 pamoja na za wateja wengine, majina upande mmoja na nywila upande wa pili. Akaunti ya KRA ilikuwa hivyohivyo. Maana yake, mtu aliyelichukua lile daftari jioni moja angeweza kuingia mahali shangazi angelipia ushuru wa stempu na kuombea huduma za ardhi, na misimbo ya kuthibitisha isingemfikia mwenyewe.

Nusu ya wateja ninaowapokea wako katika hali hiyo. Kwa hiyo fanya haya kwanza. Fungua barua pepe yako mwenyewe, isiyo na mwaka wako wa kuzaliwa ndani yake. Badilisha barua pepe na simu kwenye eCitizen na KRA ziwe zako. Weka nywila mpya, tofauti kwa kila akaunti. Ukishindwa, mwite mtoto wako wa kumzaa akusaidie, usimlipe mgeni shilingi 100 akushikie funguo za maisha yako.

Kisha piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilipopiga, miezi michache baada ya kununua ploti yangu, nilikuta laini nisiyoijua. Sitasema ni nani aliyekuwa na kopi ya kitambulisho changu wakati ule, ila dalali aliyeniuzia alikuwa nayo kwenye simu, nami ndiye niliyempelekea kwa mikono yangu. Kuifuta laini hiyo kulinichukua asubuhi moja dukani. Kama una laini ya Safaricom, piga pia *100*100# ili kuizuia isibadilishwe kadi bila wewe kufika. Mwizi wa laini hutafuta mtu ambaye anajulikana ana pesa zinazosubiri kulipwa, na mnunuzi wa ardhi ni mtu huyo hasa.

Nunua laini ya pili kwa ajili ya madalali. Usiisajili M-Pesa ya akiba humo, usiweke picha ya familia kwenye WhatsApp yake. Ununuzi ukiisha, izime upumzike. Na kama huna sanduku la posta, chukua, kwa sababu anwani utakayoandika ndiyo itakayokaa kwenye karatasi za hati, na si lazima dunia ijue mlango wako.

Hatua ya 2: Dalali

Malindi mtu akitamka kwamba anatafuta ploti Mayungu saa nne asubuhi, adhuhuri ameshapigiwa na watu watano, mmoja akimsalimu kwa Kitaliano. Huo ndio mji wetu. Dalali si adui, wengi wanajua ardhi kuliko ramani. Lakini dalali anaishi kwa maneno, na maneno yako ndiyo bidhaa yake.

Mwambie eneo, ukubwa, na kiwango cha bei kilicho chini kidogo ya uwezo wako. Basi. Usimwambie kwamba una pesa mkononi, wala kwamba ni pesa za mafao, wala kwamba dada yako yuko Qatar anatuma kila mwezi. Mteja wetu mmoja alisema hilo la Qatar kwenye mgahawa, na bei ya kile kiwanja ilipanda siku hiyohiyo. Akikuuliza, jibu linalotosha ni hili: "Ninanunua kupitia wakili, mambo ya pesa muulize yeye." Halina matusi na halina habari.

Dalali hahitaji kitambulisho chako. Hahitaji pini. Atakwambia anataka "kuandaa makaratasi mapema," na wewe utamwambia makaratasi yanaandaliwa na wakili. Akishikilia, tafuta mwingine.

Ukinunua kwa kampuni inayokata mashamba na kuuza ploti, una silaha moja ambayo watu wengi hawaijui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni zake za usajili za 2021 zinawasamehe wafanyabiashara wadogo kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini msamaha huo hauzigusi shughuli fulani, na usimamizi wa mali pamoja na uuzaji wa ardhi ni mojawapo. Maana yake hata kampuni ya watu wawili na meza moja, ikiuza ardhi, yafaa iwe na cheti. Omba kukiona. Ukiambiwa "cheti gani tena?", umeshajua kopi yako itatunzwa vipi.

Hatua ya 3: Sachi, kwa mkono wa wakili

Usiridhike na sachi ya kuoneshwa na muuzaji. Fanya yako. Mtu yeyote anaruhusiwa kuomba, kwa hiyo acha wakili aombe kwa jina la afisi yake. Ombi lenye jina lako na pini yako lina sababu gani ya kukaa masijala kwa ploti ambayo huenda hutainunua? Nimeona watu wakifanya sachi za ploti sita kabla ya kununua ya saba. Hizo ni karatasi sita zenye jina lao.

Hati nyingi za zamani za Malindi huandikwa namba ya poshoni (kipande) na CR (namba ya masijala ya Pwani), na kumbukumbu zake zilifunguliwa Mombasa. Mashamba yaliyopimwa baadaye, kama ya Jimba, huwa Kilifi. Uliza mapema ni wapi, usije ukamtuma kijana mmoja baada ya mwingine na kopi zako kwenye matatu. Kwa maeneo ambayo kumbukumbu zake zimeingizwa Ardhisasa, ule mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021, ingia kwa akaunti uliyoisafisha katika hatua ya 1, kwenye simu au kompyuta yako.

Kuna pia nyumba bila ardhi, jambo la kwetu Pwani: unanunua nyumba, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine au ni wakfu, nawe unalipa kodi ya ardhi. Hapo hakuna hati yako masijala. Kuna mkataba ulioandikwa, mashahidi, na stakabadhi. Kwa kuwa karatasi hizo ndizo umiliki wako wote, na hazina nakala serikalini, zihifadhi kwa wakili na usimpe mtu nakala asilia hata kwa saa moja.

Hatua ya 4: Uwanjani

Hapa watu wenye hofu hukosea kwa kujificha mno. Ukienda kuona ploti, nenda mchana, usisitasite, msalimu jirani, kaa naye. "Shikamoo mzee. Nimeambiwa hapa panauzwa, nikaona nisipite bila kukujulia hali." Maneno hayo yatakupa kuliko sachi tatu: nani alilima hapo mwanzo, nani aliwahi kushitakiana na nani, ni ndugu gani wa muuzaji aliyeko Mombasa ambaye hajaambiwa. Hilo la mwisho ni kubwa. Nyumba na mashamba mengi ya Malindi na Lamu ni ya mirathi, na muuzaji mmoja huja mbele huku warithi wengine saba wamekaa kimya. Ukisikia kuna urithi, simama mpaka uone amri ya mahakama au ya Kadhi na sahihi za wote.

Jirani akikuuliza jina, mpe. Akikuuliza ukoo, mpe. Akikuuliza, "Wamekuuzia ngapi?", cheka. Sisi tuna jibu letu la zamani: "Mambo ya kheri hayasemwi kabla hayajatimia." Hakuna mzee wa Kiswahili atakayekuona una kiburi kwa jibu hilo.

Siku ya saveya kutambua bikoni, waite majirani wa pande zote nne. Wakanyage mpaka pamoja nawe. Piga picha za bikoni na watu waliosimama karibu, kisha zihifadhi, usizitume kwenye kundi. Kabla ya kupiga, zima mahali kwenye mipangilio ya kamera ikiwa kuna uwezekano wa kuzituma kwa mtu, kwa sababu picha ya simu hubeba ndani yake sehemu na saa ilipopigwa. Na gari la kifahari la kuazima, tafadhali, libaki nyumbani.

Hatua ya 5: Wakili, na ile mistari miwili

Hakikisha wakili ana leseni ya mwaka huu kupitia orodha ya Chama cha Mawakili. Chukua wako, muuzaji awe na wake. Sababu ya kumfanya awe wa ndani ni ya kisheria: Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kufichua uliyomweleza kwa ajili ya kazi, na katazo hilo linatufunga hata sisi makarani. Dalali hafungwi na kitu. Rafiki yako wa dhati hafungwi na kitu.

Kopi za vitambulisho ndipo ninapogombana na wateja. Shangazi alipokuja na zake, zilikuwa nyeupe safi, zimekunjwa ndani ya kanga. Nikachukua kalamu ya wino nikachora mistari miwili ya mshazari juu ya kopi, isifunike uso wala namba, na katikati ya mistari nikaandika: "Kwa ununuzi wa ploti hii pekee," nikaweka namba ya hati, tarehe, na jina la afisi.

"Waiharibu karatasi yangu," akasema.

"Naiharibu ili mtu mwingine asiweze kuitumia."

Kopi kama hiyo haifai kusajili laini, haifai kuombea mkopo wa simu, haifai kwa hati bandia. Fanya hivyo kwa kitambulisho na cheti cha pini. Fomu zinazokwenda kwa msajili hufuata maelekezo ya wakili, kwani nyingine hutakiwa safi. Usiache kopi za ziada "zikihitajika". Zikihitajika utaleta.

Ukipiga kopi saiba, mambo manne: usiingize WhatsApp yako kwenye kompyuta yao, ukilazimika, toka kabla hujainuka, fungua folda ya vilivyopakuliwa ufute faili zako, kisha ufute na kapu la taka, na uondoke na kopi zilizotoka vibaya, zile ambazo kijana huzigeuza na kuandikia hesabu za wateja nyuma. Nimewahi kupewa risiti ya shilingi 40 iliyoandikwa nyuma ya nusu ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu.

Aliye Ghuba au Ulaya na anataka kununua kupitia ndugu: hati ya uwakilishi iseme ploti moja, kazi moja, na mwisho wake lini. Hati ya uwakilishi ya jumla ni kumpa mtu jina lako zima.

Hatua ya 6: Jina gani liandikwe?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Majibu yako manne, na moja ni shimo.

Jina lako mwenyewe ndilo rahisi na ndilo ninalomshauri mtu wa kawaida.

Kampuni huliondoa jina lako kwenye sachi, lakini halifichiki kwa wote. Orodha ya wakurugenzi na wenye hisa hupatikana kwa msajili wa kampuni, na tangu kanuni za 2020 kampuni hutakiwa kumtaja pia mtu halisi anayenufaika nayo. Habari hiyo ya mwisho haiko wazi kwa umma, iko kwa mamlaka. Kuna ripoti za kila mwaka, hesabu, na gharama. Kwa ploti moja ya futi 50 kwa 100, ni kununua jahazi la kuvukia mtaro. Tena kampuni si pazia la kudumu: Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kurudishwa kwa ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22, Lamu nzima ilikuwa ikiuliza nani yuko nyuma ya majina yale.

Amana ya familia (trust) inafaa kwa wenye mali nyingi na watoto wengi. Itengenezwe na wakili anayeijua, ikasajiliwe.

Shimo ni kuandika kwa jina la mtu mwingine. Mchumba, mlinzi, rafiki wa shule. Hati hutambua aliyeandikwa. Malindi tuna mashitaka ya namna hii ya kutosha kujaza mahakama ya ardhi mwaka mzima, mengi yakiwa ya wageni walioambiwa kuwa hawawezi kumiliki. Ukweli ni kwamba kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kumiliki kwa kukodi, si zaidi ya miaka 99. Na kampuni yenye hata mwanahisa mmoja asiye raia huhesabiwa ya kigeni, kwa hiyo njia hiyo ya panya nayo imezibwa.

Wanaume huniuliza pia kama mke wa kwanza ataarifiwa. Kwa kununua, sheria haitudai ridhaa yake. Ridhaa ya mwenzi hudaiwa mali ya ndoa inapouzwa au kuwekwa rehani. Afisi haitampigia simu. Mtaa ndio utakaompigia.

Hatua ya 7: Mkataba na bei

Weka kipengele cha siri: pande zote mbili na madalali wao wasitangaze bei wala kusambaza nyaraka, na baada ya kazi kuisha kopi za ziada ziharibiwe. Ni sentensi mbili tu, na muuzaji hukubali bila neno.

Kisha kutakuja ombi. Muuzaji, akikumbuka kwamba kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, atasema: "Tuandike nusu, nyingine tupeane pembeni, siri yetu." Hiyo si siri, ni kitanzi. Mthamini wa serikali ataikadiria thamani mwenyewe, na stempu utalipa kwa hesabu yake. Mpango ukivunjika, utarudishiwa iliyoandikwa. Na siku utakapouza wewe, faida yako kwenye karatasi itakuwa kubwa kuliko ya kweli, na kodi itakuwa yako. Andika bei halisi.

Hatua ya 8: Malipo

Malipo ya awali kwa kawaida ni asilimia 10, na yakae kwenye akaunti ya wakili mpaka masharti yatimie. Lipa benki kwa benki. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala, na kuikata bei vipande kumi ni kumtumia kila anayeiona simu yako historia ya utajiri wako. Hundi haivuki shilingi milioni 1. Mfuko wa noti nao, zaidi ya kuhesabiwa mbele ya macho ya watu, hukuletea maswali benki ambayo uhamisho wa kawaida ungeyajibu wenyewe.

Namba ya akaunti ya kulipia ichukue ana kwa ana, kwenye karatasi yenye mhuri. Ujumbe ukija baadaye kwamba "akaunti imebadilika", hata kama umetoka kwa barua pepe ya wakili, usilipe. Piga namba ya afisi unayoijua tangu zamani, si iliyo kwenye ujumbe. Wezi huingia barua pepe za watu na kusubiri kimya wiki nzima hadi siku ya malipo.

Benki chagua dirisha la ndani au muombe afisa chumba. Kwenye maelezo ya muamala andika namba ya hati tu. Usiende na dalali. Usimwambie mtu yeyote siku, hata dereva wa tuktuk.

Hatua ya 9 na ya 10: Bodi, stempu, hati

Ikiwa ni shamba la kilimo, lazima idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bodi ni watu wa hapahapa, kikao kina masikio, na fomu ina bei. Jibu unachoulizwa, ondoka. Usikae kwenye benchi nje ukisimulia.

Stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Lipa kwa akaunti yako mwenyewe. Hati ikitoka, ichukue wewe au wakili kwa sahihi. Dalali asikusaidie kuibeba.

Na sasa jaribu kubwa kuliko yote: kupiga picha umeishika hati mkononi na kuiweka Facebook na maneno "Mola ni mwema." Mola ni mwema, lakini namba ya hati, jina na sura yako ndivyo vitu vitatu anavyohitaji mtu wa kutengeneza hati ya pili. Picha ikiwa lazima, piga ya bahari iliyo nyuma ya ploti. Fanya sachi ya ploti yako mwenyewe mara moja kwa mwaka. Ukikuta jambo geni, wakili apeleke zuio siku hiyohiyo.

Ikiwa kitambulisho chako kimeshavuja

Piga picha za skrini kabla jumbe hazijafutwa: jina la kundi, namba ya aliyetuma, tarehe na saa. Mwandikie aliyevujisha, kwa maandishi, umtake afute na akueleze amempa nani mwingine. Sheria ya 2019 inakupa haki ya kujua, kusahihisha na kufutiwa. Asipofanya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Ni bure, unaweza kuwasilisha mtandaoni, na yanatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90.

Mimi niliandika barua moja tu, ukurasa mmoja, nikaipeleka kwa dalali wangu mwenyewe kwa mkono, akiwa anakunywa kahawa na wenzake. Aliisoma mara mbili, akaitoa simu, akaanza kufuta mbele yangu. Kitambulisho changu kilikuwa kwenye makundi matatu. Akaendelea kushuka chini ya skrini, nami nikaona vitambulisho vya watu wengine vikipita chini ya kidole chake, uso baada ya uso, na kadhaa nilikuwa nawajua.